Mahari ya Zefa

Jumamosi ya kwanza ya Desemba, kabla chai haijachemka, Mama Ratidzo alikuwa amekwisha kutandika shuka tatu juu ya kochi lake, na bado tundu lilionekana. Alichukua mto mdogo akaukandamiza pale pale penye tundu. Mto ukazama. Akaongeza wa pili.

"Baba Ratidzo!" aliita. "Hebu njoo uone kazi ya fundi."

Mumewe hakuja. Kenias Saruwaka, fundi wa viti vya magari, mtu ambaye madereva walitoka hata mji wa Rusape kumletea viti vyao vilivyochanika, alikuwa chumbani amepiga magoti mbele ya sanduku la bati. Ndani ya sanduku mlikuwa na seti kamili ya mavazi ya viti: kimoja kirefu cha mbele, kimoja kirefu cha nyuma, na vipande vinne vya milango, vyote vyekundu, mistari yake imetuna kama punje za hindi, uzi mweupe umepitishwa mara mbili kila mahali. Vilishonwa kwa ajili ya gari moja tu. Gari hilo halikuwa lake.

"Nakuita!" Mama Ratidzo alisimama mlangoni, mkono kiunoni. "Leo watu wanakuja kuleta mahari ya binti yako, wanakuja kukalia waya, na wewe unapapasa viti vya gari la watu."

"Naangalia kama panya hawajaingia."

"Panya wana akili kuliko wewe. Wanajua hakuna gari."

Kenias alifunga sanduku polepole. Siku nyingine angejibu, angepandisha sauti mpaka majirani wa pande zote mbili wapunguze redio zao. Lakini leo alikuwa na neno moja tumboni, na alikuwa analilinda lisimtoke kabla ya wakati wake.

Gari lenyewe lilikuwa Zefa ya mwaka 1961, mali ya Mzee Chinyama wa mtaa wa Chikanga, mkaguzi wa shule mstaafu. Rangi yake buluu iliyopauka, paa jeupe, nyuma imechongoka pembe mbili kama nguo iliyopigwa pasi. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja, kirefu kama benchi la kanisani. Gia yake ubavuni mwa usukani. Silinda sita. Ilitoka bandani Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwenda ibadani na kurudi, na ilipita mbele ya nyumba ya Kenias hapo mtaani Sakubva saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kwa miaka kumi na tisa, hakuna Jumapili ya kwanza iliyomkuta Kenias ndani. Alisimama getini, ameshika nondo kama mfungwa.

Aliomba kuinunua. Mzee akasema haiuzwi. Akaomba basi ashone viti tu, bure. Mzee akacheka mpaka akavua miwani: "Viti hivi vilitoka kiwandani hivi hivi. Ukivigusa, nitakuwa na gari jingine." Siku moja ya Pasaka, watu wakiwa ndani ya kanisa wanaimba, Kenias alikuta mlango wa nyuma wa Zefa haujafungwa. Aliingia na utepe wake, akapima kila kitu, akatoka na namba kichwani. Alishona usiku na mchana mwaka mzima. Sponji iliyokuwa ya kochi la mkewe ikaishia humo.

Sasa mjukuu wa Mzee Chinyama, Ngoni, mwalimu mpole mwenye masikio makubwa, alikuwa anamtaka Ratidzo.

*

Waposaji walifika saa tatu. Walikuwa wamengoja Novemba ipite, maana kwa mila zao mwezi ule ni mwiko, hakuna mtu mwenye adabu anayepeleka mahari. Mbele alikuja mshenga wao, Togara, mzee mwembamba aliyekwisha kuozesha wanawake wengi kwa ulimi wake, na nyuma yake vijana wawili wa ukoo wakibeba mifuko ya sukari na blanketi.

Shangazi Eustina, dada yake Kenias, aliwangoja kizingitini na mikono imekunjwa kifuani.

"Ameingia kwa mguu gani huyu?"

"Wa kushoto," akasema Zivai, mdogo wake Kenias.

"Faini, dola mbili."

"Mama, mimi nina goti," Togara alilalamika. "Mguu wa kulia haukunjiki vizuri."

"Goti ni lako, kizingiti ni chetu. Dola mbili. Na kofia?"

Togara alivua kofia haraka, akalipa na ya kofia. Akakaa chini kwenye mkeka, miguu imekunjwa vibaya, akapiga makofi ya heshima. Wanawake jikoni wakasema makofi yake yanalia kama ya mtu anayefukuza kuku. Dola moja. Togara alitoa noti huku akitabasamu. Alikuwa amekuja na noti ndogo ndogo nyingi kwa ajili ya matusi ya namna hii.

Shangazi Eustina naye akaenda kukaa kwenye kochi. Mito ikazama, waya ukamkuta. Alinyanyuka nusu, akajirekebisha, akakaa ukingoni.

"Ndugu yangu anashona viti vya mji mzima," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani, "na mimi dada yake nakalia mtego wa panya."

Mama Ratidzo, aliyekuwa anapita na birika, aliinamisha uso. Hilo lilimchoma kuliko mambo yote ya siku ile. Angalikuwa peke yake angalilia.

Kenias hakuwapo sebuleni. Baba wa binti haongei na mshenga. Hukaa chumbani, na neno lake hubebwa. Kwa hiyo Zivai alikuwa akienda na kurudi, akiegemea mlango wa chumba, akisikiliza, akirudi kutangaza. Sahani ya mti ilikaa katikati ya mkeka, na kila jambo lilipotajwa Togara aliweka kitu. Akalipa ya kufungua kinywa cha wakwe, ili waanze kuzungumza. Akalipa za mama, kwa tumbo lililombeba mtoto. Akalipa za baba, kwa ndevu zilizovutwa na mtoto alipokuwa mdogo.

"Baba wa binti hana ndevu," mmoja wa wale vijana alinong'ona.

"Zilikuwepo!" Shangazi Eustina alifoka. "Binti alizimaliza zote. Ongeza dola tano."

Hata Togara alicheka. Nyumba ilikuwa na joto la furaha. Ratidzo, msaidizi wa wauguzi katika zahanati, alikuwa jikoni na wenzake, anasikiliza kila neno na anajifanya anachambua mboga. Wakabaki ng'ombe. Kila mtu alijua: wanane, saba wa baba, wanaolipwa kwa fedha, na mmoja wa mama, huyo lazima awe hai, mwenye pumzi.

"Haya," Togara alisema, akikohoa. "Na zizi la mzee tulijaze vipi?"

Zivai alikwenda mlangoni. Alikaa huko muda mrefu kuliko kawaida. Sauti yake ilisikika ikisema, "Kaka. Kaka, hapana." Halafu, "Kaka, hebu fikiri kwanza." Aliporudi, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa mtoto mchafu ambebe.

"Kaka anasema hataki ng'ombe."

"Hataki?" Togara alichangamka. "Mungu ambariki."

"Anataka Zefa."

Jikoni kisu kilianguka. Togara alimtazama Zivai, akautazama mlango wa chumba, kisha kicheko kikamtoka bila ruhusa, kikavu, kirefu, mpaka akashika mbavu.

"Umecheka neno la baba mkwe," akasema Shangazi Eustina. Hata yeye sauti ilikuwa imemkauka, lakini kazi ni kazi. "Dola kumi."

Togara alilipa. Mara hii hakutabasamu. "Nitalipeleka neno kama lilivyo," alisema. "Lakini mjue ninachokipeleka. Mzee akikataa, mimi sina njia ya kurudi hapa. Ngoni na binti yenu ndio watakaokuwa wameachana, si nyie na sisi."

Aliondoka kwa mguu wa kushoto. Hakuna aliyemtoza.

*

"Toka," Mama Ratidzo alisema mlangoni mwa chumba. "Toka nikuone."

Kenias alitoka. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, ya miaka mingi iliyopita, kifungo hakifungi.

"Ni haki yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Baba anataja anachotaka. Ng'ombe saba nitawaweka wapi mimi, Sakubva hii? Bandani mwa kuku? Ni fedha tu, na fedha itaisha kabla ya Pasaka."

"Gari lako litazaa ndama?"

"Nani anataka ndama?"

"Mimi! Ng'ombe wangu ana kwato, usimguse. Wangu hanywi petroli."

"Wako ni wako. Nimesema wangu mimi."

"Wako wewe." Mkewe alikaa kwenye kochi, waya ukalia, akabaki hapo hapo. "Miaka kumi na tisa nimeolewa na mwanamume aliyeoa gari la mtu. Nikanyamaza. Nikasema, wengine wanaoa pombe. Lakini leo umemweka mtoto wangu kwenye sahani."

"Hujui," Kenias alisema, na sauti ikapanda. "Hujui! Tangu nianze kazi ninashona mahali pa makalio ya watu. Wanakuja, wanasema, Kenias, hapa pananiuma, Kenias, hapa pameshuka. Nashona. Wanakaa, wanaondoka. Siku zote gari ninalolijua mimi ni gari lililosimama. Ni dhambi kutaka moja?"

Ratidzo alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono imelowa maji ya mboga. Hakulia. Alikuwa na macho makavu ya watu wanaofanya kazi zahanati.

"Baba, uliniuliza mimi?"

"Mahari haulizwi msichana."

"Sawa," akasema Ratidzo, akarudi kuchambua mboga ambazo hakuna aliyezila.

*

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza. Saa mbili kasoro Kenias alikuwa getini. Saa mbili na dakika kumi Zefa haikupita. Alitazama saa yake, akaitikisa. Saa mbili na nusu alitembea mpaka kona, akarudi. Akaingia ndani, akanywa maji, akatoka. Jirani yake, mke wa Mutasa, alikuwa anaanika nguo.

"Baba Ratidzo, umeliua gari la watu kwa maneno?"

"Anika nguo zako."

"Nimesikia unataka kuozesha binti kwa injini. Mimi wangu nitaomba treni."

Saa tatu ikapita. Sasa Kenias alianza kuona kwa mara ya kwanza kwamba mzee angeweza kukataa, na kwamba dirishani, nyuma ya pazia, binti yake naye alikuwa amesimama tangu saa mbili, amevaa gauni la kanisani, haendi kanisani. Walikuwa wanaitazama barabara moja. Wazo hilo lilimkera, akageuza uso.

Saa nne kamili aliisikia. Aliijua sauti ile kabla haijapita kona; injini ya silinda sita haingurumi, inavuta pumzi. Zefa ilikuja polepole, buluu na nyeupe, na haikupita. Ilisimama getini kwake.

Alishuka Togara. Alivua kofia bila kuombwa.

"Mzee Chinyama amekubali," alisema, na funguo zikawa zinaning'inia mkononi mwake. "Hakulala. Asubuhi amenipa hizi, akaingia ndani, akafunga mlango. Amesema, mjukuu wangu ananitosha. Lakini kuna masharti, na niyaseme mbele ya watu."

Watu walikuwapo. Mtaa mzima ulikuwepo. Mama Ratidzo alitoka na khanga mabegani, Zivai akaja mbio na sabuni ya kunyolea shavuni.

"Hii sasa ni mahari," Togara alitangaza. "Mahari haiuzwi. Wala haibadilishwi. Hakuna kubandika, kupaka wala kushona, hata uzi mmoja. Kwa sababu mahari hurudi. Siku binti huyu akirudi nyumbani kwao, kwa sababu yoyote, Zefa inarudi Chikanga ilivyotoka, na viti vyake vile vile."

"Hata uzi?" Kenias aliuliza.

"Hata uzi."

Kenias alizipokea funguo. Zilikuwa za moto kwa jua. Alifungua mlango, na harufu ile ikamjia, ya ngozi kuukuu na mafuta na sabuni ya mzee. Akaingia. Akashika usukani mweupe kwa mikono miwili. Mtaa ukapiga vigelegele, wengine kwa dhati, wengine kwa kejeli, huwezi kuvitenganisha.

"Washa!" mtu alipiga kelele.

Aliwasha. Injini ikavuta pumzi. Akaangalia kile kijiti cha gia ubavuni mwa usukani, akakigusa, akakiacha. Akaangalia miguu yake. Pedali zilikuwa tatu.

"Twende basi, Nyati!" wakamwita kwa jina la mnyama wa ukoo wake. "Tuonyeshe!"

Kenias alikanyaga. Zefa ikaruka hatua moja mbele kama mbuzi, ikatikisika, ikazimika. Kicheko kikalipuka. Akawasha tena. Ikaruka, ikazimika.

"Jamani," akasema mke wa Mutasa, na hata yeye alisema kwa huruma, "hajui kuendesha."

Ndiyo. Alikuwa amekalia viti vya magari zaidi ya elfu moja, na yote yalikuwa yamesimama. Kwa miaka yote ile aliwaza rangi, mshono, harufu, sauti, na katika ndoto zake Zefa ilikwenda yenyewe. Jasho lilimtiririka chini ya suti. Hakuweza kushuka, maana kushuka kungekuwa mbele ya watu wote wale, wala hakuweza kwenda. Alikaa tu, ameshika usukani, mwanamume wa miaka hamsini na minne.

Mlango wa upande wake ukafunguliwa.

"Sogea, Baba," akasema Ratidzo.

*

Alikuwa amejifunzia kwenye pikapu ya zahanati. Aliipeleka Zefa kwa utulivu, akapita sokoni, akapita reli, akashika barabara ya kupanda mlima wa Christmas Pass. Mvua ya Desemba ikaanza, matone manene. Akafungua wipa. Zefa ilipokuwa inapanda, wipa zikachoka, zikawa zinajikokota kiooni kama wazee wawili.

"Zinapata nguvu kwenye mteremko," Kenias alisema. "Zinavuta hewa ya injini. Ndivyo zilivyoundwa."

"Najua. Umeniambia tangu nina miaka saba."

Kenias alikuwa amekaa katikati ya lile benchi refu, pale alipojikuta baada ya kusogea, magoti yamegusana. Alipapasa kiti ubavuni. Mshono ulikuwa umeachia, inchi tatu hivi. Kidole chake kiliingia, kikarudi, kikaingia tena.

"Ngoni akinipiga?" Ratidzo aliuliza, macho barabarani.

"Ngoni? Yule hawezi kumpiga nzi."

"Sijasema atanipiga. Nimeuliza akinipiga."

"Utarudi nyumbani. Utarudi siku hiyo hiyo, na nitakwenda kwao mimi mwenyewe na..."

"Na nini, Baba? Na gari lao?"

Wipa zilijikokota.

"Kila nitakapogombana na mume wangu," alisema Ratidzo, taratibu, kama anamweleza mgonjwa dawa zake, "nitakaa kitandani nifikirie, nikirudi nyumbani, Baba atasimama tena getini. Nitahesabu Jumapili zako. Halafu sitarudi. Nitavumilia kitu ambacho mama yangu hawezi kuvumilia. Na wewe utajua, kwa sababu utakuwa unanitazama usoni kila nikija, kuona kama nimebeba begi."

"Nisingefanya hivyo."

"Ungefanya. Ungeniuliza, vipi, mko salama? Na sikio lako lingekuwa huku bandani." Alibadilisha gia, kijiti kikalia. "Yule mzee ametoa gari lake kwa ajili ya mjukuu wake. Ameamua kwa usiku mmoja tu. Wewe umetoa nini?"

Walifika juu. Mji wote ulikuwa chini yao, umefunikwa na mvua. Ratidzo alipaki pembeni, akaacha injini ikivuta pumzi. Kenias alitazama boneti ndefu, buluu, maji yakiteleza juu yake. Ndani ya kifua chake mtu alikuwa anapiga kelele: ni lako, limekubaliwa mbele ya watu, kaa kimya tu, kaa kimya siku moja na itazoeleka. Alikaa kimya dakika tano nzima. Niseme kweli, hazikuwa dakika za kufikiri. Alikuwa analitazama.

"Shuka polepole," alisema hatimaye. "Nataka nione zile wipa."

Wakateremka, na wipa zikapata nguvu, zikapiga kulia na kushoto, kulia na kushoto, kwa fujo. Kenias alicheka mara moja, kicheko cha mtoto. Walipofika njia panda, kushoto Sakubva, kulia Chikanga, Ratidzo alipunguza mwendo akangoja.

"Kulia," akasema baba yake.

*

Mzee Chinyama alikuwa barazani, bado na suti ya ibada ambayo hakuiendea. Aliposikia injini alisimama, akashika nguzo. Kenias alishuka, akapiga makofi, akatoa funguo kwa mikono miwili.

"Mzee, nimekosea kutaja," alisema. "Ng'ombe saba wangu, na mmoja wa mama yake. Zivai atakuja kulisema vizuri."

Mzee alizitazama funguo muda mrefu, kama mtu anayeogopa kwamba bado kuna neno nyuma yake. Akazichukua, akazifungia kiganjani.

"Umeliendesha?"

"Hapana."

"Haya."

"Mzee, kiti cha mbele, mshono umeachia. Inchi tatu. Ukiachwa hivyo, utafunguka wote. Nina uzi wa rangi ile ile. Sitabadilisha kitu, ni kushika tu..."

"Liache," akasema Mzee Chinyama, si kwa ukali. "Linazeeka na mimi."

Walirudi Sakubva kwa miguu, baba na binti, nguo zao za Jumapili zimelowa. Getini mke wa Mutasa alifungua kinywa, akamwona Ratidzo anavyomtazama, akakifunga.

Kenias hakuingia sebuleni. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akaburuta sanduku la bati mpaka kibarazani, akatoa cherehani. Mama Ratidzo alimwona anachukua kisu kidogo cha kufumulia, anakiweka kwenye mshono wa kwanza. Hakukivuta. Akakitoa, akakiweka tena. Alisimama, akazunguka uani, akarudi.

"Baba Ratidzo," mkewe alisema, "si lazima."

"Nyamaza, mwanamke. Kochi lako lina upana gani?"

Alifumua mwaka mzima wa kazi kwa juma moja. Viti vya Zefa ni virefu kuliko kochi. Palibaki vipande, akavifanya mito.

*

Ng'ombe wa mama aliletwa mwanzoni mwa Januari, mwenye mimba, akafungwa kwenye nguzo ya umeme, mtaa mzima ukaja kumsifia. Jumapili iliyofuata, ndiyo ya kwanza ya mwezi, wakwe walikaa sebuleni kupanga harusi. Shangazi Eustina alikaa kwenye kochi jekundu kwa tahadhari, akingoja waya. Hakuna waya. Akajirusha kidogo. Akajirusha tena.

"Hii sasa," alisema, "inataka usukani tu."

Watu walicheka, Togara kwa uangalifu. Mama Ratidzo alikuwa amekaa katikati, mgongo wima, viganja vyake viwili vimetandazwa kwenye ile mistari myekundu kama mtu aliyekuja kudai kiti chake cha siku nyingi. Kenias alikaa mwishoni, upande wa kulia. Kwa mara ya kwanza Jumapili ya kwanza ilikuwa imemkuta ndani.

"Sogea kidogo," mkewe alimwambia. "Ratidzo apate nafasi."

Hakusogea. Hakusikia. Saa mbili na dakika kumi, nje, kitu kilikuwa kinavuta pumzi kinakaribia kona. Alitazama ukuta. Alishikilia mkono wa kochi. Sauti ilipita getini, ikapanda barabara, ikaanza kupotea, na Ratidzo peke yake ndiye aliyetazama chini akaona mguu wa kulia wa baba yake ukiikandamiza sakafu, ukikandamiza, ukikandamiza.